Umri wa Daraja

Katika kazi zote za mikono ya binadamu ni chache zenye unyenyekevu kama daraja. Jumba la mfalme husifiwa na wale walioruhusiwa kuingia, na kaburi la tajiri husifiwa na jamaa zake. Lakini daraja humtumikia mpitaji asiyejulikana, awe na mzigo au awe mikono mitupu, wala halimwulizi atokako. Aghalabu mvukaji halitazami. Macho yake yako ng'ambo, na mawazo yake yako sokoni au nyumbani. Daraja huonekana siku lilipovunjika. Kwa sababu hii madaraja mengi ya kale yamepotea bila ya kuliliwa, na yale machache yaliyosalia yastahili kutazamwa kwa makini na watu ambao hawana haraka ya kuvuka.

Moja katika hayo liko kaskazini ya Uchina, katika jimbo la Hebei, kilomita chache kusini ya mji wa Zhao. Jina lake rasmi ni Anji, maana yake kuvuka kwa salama, nalo lilipewa jina hilo katika enzi ya wafalme wa Song. Watu wa mbali huliita Daraja la Zhaozhou. Wenyeji huliita Daraja Kubwa la Mawe tu, kama mtu amwitavyo babu yake pasipo kumtaja jina. Lilijengwa baina ya mwaka 595 na mwaka 605, katika enzi ya Sui. Enzi hiyo ilidumu miaka 37, toka 581 mpaka 618, ikaanguka kwa vita na uasi. Tao la daraja, toka ukingo mpaka ukingo, lina mita 37 na kitu. Wafalme waliotawala miaka 37 wameondoka na majeshi yao na majumba yao. Mita 37 za mawe zimebaki mahali pake kwa muda wa karne kumi na nne. Kulingana kwa hesabu hizi ni bahati tu, lakini mwenye kupenda mazingatio hawezi kukupita bila ya kukuona.

Ili kupima thamani ya kazi hii yafaa kwanza kujua shida iliyomkabili mjenzi. Mto Xiao hutoka upande wa milima ya Taihang. Wakati wa kiangazi hupungua, na wakati wa mvua kubwa hushuka kwa ghadhabu. Zama hizo vyombo vilipita ndani yake, na barabara kuu ya kusini na kaskazini ilipita juu yake, ikiwa na magari ya kukokotwa na wanyama, wapanda farasi, na watu waliobeba mizigo mabegani. Mjenzi angeweza kusimamisha nguzo kadha wa kadha ndani ya maji na kuziunganisha kwa matao madogo. Lakini kila nguzo ndani ya mto ni kizuizi: hupunguza nafasi ya vyombo, hukamata magogo na takataka za gharika, na maji huichimba miguu yake usiku na mchana. Au angeweza kuruka mto wote kwa tao moja la nusu duara, ambalo waashi wa kale waliliamini kuliko jingine lolote. Lakini nusu ya duara yenye upana wa mita 37 ina kimo cha zaidi ya mita 18. Daraja la namna hiyo lingekuwa mlima. Farasi wangetokwa na povu kwa kulipanda, na magari yangeporomoka kwa kulishuka.

Fundi alikataa njia zote mbili. Alichukua kipande cha duara, kilicho chini kidogo ya robo yake, akakilaza juu ya mto kama upinde uliovutwa kidogo tu. Kimo cha tao lake ni mita 7 na kitu, yaani kama sehemu moja katika tano za upana wake. Barabara ikapita juu kwa mteremko mwepisi, mto ukapita chini pasipo nguzo, na pande zote mbili zikatosheka. Ila katika ulimwengu huu hapana faida isiyo na gharama. Tao la nusu duara hukanyaga chini kwa miguu iliyonyoka, na tao lililolala husukuma kando kwa nguvu nyingi, kama mtu aliyekaa katikati ya mlango na kuusukuma kwa mikono na migongo ya miguu. Kingo zikilegea kidogo, tao huanguka lote. Juu ya hayo, msingi wa daraja hili si wa kina kirefu: ni safu tano za mawe zilizolazwa juu ya ardhi ya asili ya ukingo, bila ya kupigiliwa magogo chini yake. Basi ilimpasa fundi apunguze uzito, na hapo ndipo ubora wa akili yake ulipoonekana.

Mabega ya daraja, yaani sehemu zile za pande mbili zilizo baina ya tao na barabara, kwa desturi ya waashi hujazwa mawe na udongo. Fundi huyu aliyaacha wazi. Katika kila bega alijenga matao madogo mawili, jumla manne, yaliyosimama juu ya mgongo wa tao kubwa kama watoto juu ya mgongo wa mzazi wao. Kwa uwazi huo alifanya mambo matatu kwa pigo moja. Kwanza, aliliondolea daraja mzigo ambao wahandisi huukadiria kuwa kiasi cha tani 700. Pili, aliyapa maji ya gharika njia nne zaidi, ili mto ukighadhibika upite ndani ya daraja badala ya kupigana nalo. Tatu, alilipa umbo jepesi ambalo jicho halichoki kulitazama. Miongoni mwa madaraja ya mawe yenye tao la kulala na mabega yaliyo wazi, hili ndilo kongwe kuliko yote yaliyosimama hata leo. Ulaya ilikawia karne nyingi kabla ya kuizoea namna hiyo ya ujenzi.

Jambo la ndani zaidi, lisiloonekana na mpitaji, ni kwamba tao hilo si moja. Ni matao 28 membamba yaliyosimamishwa sambamba, ubavu kwa ubavu, mithili ya vipande vya mkate uliokatwa na kurudishwa pamoja. Kila ubavu una mawe 43, na kila jiwe lina uzito wa karibu tani moja. Njia hiyo ina hekima yake. Kiunzi cha mbao kilichotumika kuushika ubavu wa kwanza hadi ukakamilika kiliweza kusogezwa na kuushika wa pili, kisha wa tatu, mpaka mwisho. Mbao chache zikafanya kazi ya mbao nyingi. Na ubavu mmoja ukiharibika baada ya miaka mia tano, huweza kuondolewa na kujengwa upya huku wenzake wamesimama na watu wanavuka. Lakini hekima hiyo nayo ina udhaifu wake, kwa kuwa mbavu zisizofumana huelekea kuachana na kuanguka nje mmoja mmoja. Fundi alilijua hilo. Aliyafunga mawe kwa vibano vya chuma, akapitisha fito za chuma toka upande hadi upande, akaweka mawe yenye ncha za kulabu kuzishika mbavu za nje, na akalifanya daraja kuwa pana zaidi miguuni kuliko kiunoni, ili kila ubavu uegemee ndani kwa mwenzake. Hakuuficha udhaifu wa njia aliyoichagua. Aliutazama usoni na kuutafutia dawa nne.

Jina la fundi huyo ni Li Chun. Lajulikana kwa sababu moja: Zhang Jiazhen, aliyekuwa waziri katika enzi ya Tang, karne moja na zaidi baada ya kazi kwisha, aliandika maneno ya sifa ya daraja, akasema kwamba ni kazi ya Li Chun, fundi wa enzi ya Sui, na kwamba ujenzi wake ni wa ajabu hata watu hawafahamu aliufanyaje. Hayo ndiyo maisha yote ya Li Chun yaliyoandikwa. Mahali alipozaliwa, mwalimu aliyemfunza, watu waliofanya kazi chini yake, hata siku ya kufa kwake, hakuna kalamu iliyotaabika kuyataja. Vitabu vya enzi hiyo vimejaa majina ya wakuu na wapiganaji. Fundi aliyewavusha wote alipata mstari mmoja, nao aliandikiwa na mtu aliyetazama kazi yake baada ya yeye kuoza.

Watu wa kawaida nao walipolitazama daraja hawakuweza kuamini kuwa ni kazi ya mtu kama wao. Wakamwondoa Li Chun na kumweka Lu Ban, fundi wa kale ambaye maseremala na waashi wa Uchina humtukuza kama mlinzi wa kazi yao, ingawa Lu Ban aliishi zaidi ya miaka elfu kabla ya mawe hayo kuchongwa. Hadithi husema kwamba Lu Ban alipomaliza daraja alijisifu. Zhang Guolao, mmoja katika wale watakatifu wanane wasiokufa, akaja amepanda punda, na katika mfuko wake ametia jua na mwezi. Mwenziwe Chai Wang akaja akisukuma mkokoteni wa gurudumu moja uliopakiwa milima. Wakauliza kwa upole kama daraja lingeweza kuwachukua. Lu Ban akacheka. Walipofika katikati mawe yakaanza kutetemeka, na fundi akaruka mtoni, akalishika daraja kwa mkono mmoja toka chini, likasimama. Tangu siku hiyo, husema wasimuliaji, juu ya daraja zimo alama za kwato za punda na mfuo wa gurudumu, na chini yake iko alama ya mkono.

Hadithi hii hucheza na kufundisha pamoja. Humfundisha fundi asijivune mpaka kazi imejaribiwa. Tena wako wataalamu waliofikiri kwamba alama zenyewe huenda zilikuwa na kazi: zile za juu kumwonyesha mwenye gari apite katikati, asizielemee mbavu za nje zilizo dhaifu, na ile ya chini kuonyesha mahali pa kutegemeza boriti wakati wa matengenezo. Ikiwa ndivyo, basi hadithi ni namna ya kanuni iliyohifadhiwa kwa kicheko, na wanakijiji wasiojua kusoma walichukua ujuzi wa ufundi toka kizazi hata kizazi pasipo kujua kuwa wameuchukua. Hata hivyo dhuluma moja imo ndani yake. Kila mara Lu Ban alipotajwa, Li Chun alisahauliwa. Binadamu ni mwepesi kuliita jambo kubwa muujiza, na kwa kuliita hivyo humnyang'anya jirani yake jasho lake.

Daraja liliingia katika dini na katika nyimbo pia. Congshen, mwalimu maarufu wa njia ya Chan katika dini ya Buddha, aliyekaa Zhaozhou katika karne ya 9, husimuliwa kuwa alijiwa na mtawa aliyelalamika kwamba alisikia habari za daraja kubwa la mawe, na alipofika aliona gogo la kuvukia tu. Mwalimu akamwambia kwamba ameliona gogo na hajaliona daraja. Alipoulizwa daraja ni lipi, alijibu kwamba ni lile livushalo punda na kuvusha farasi. Wanavyuoni wameandika mengi juu ya jibu hilo, lakini maana yake iliyo karibu yatosha: ukuu wa daraja si sifa zake, ni kuvusha, wala halichagui baina ya mnyama duni na mnyama wa fahari.

Jiwe nalo huzeeka. Katika miaka elfu na zaidi daraja lilitengenezwa mara nyingi. Mbavu za nje zilianguka zaidi ya mara moja. Nyingine zilijengwa upya na nyingine ziliachwa mtoni zilipoangukia. Kuta fupi za kando, zilizochongwa majoka kwa ustadi mkubwa, zilitoweka na mahali pake pakawekwa nyingine zisizo na uzuri ule. Liang Sicheng alipofika hapo mwaka 1933 alilikuta daraja katika hali ya mzee aliyevaa nguo zenye viraka, lakini bado anabeba mizigo ya watu. Liang alizaliwa mwaka 1901, alisoma usanifu wa majengo huko Marekani, na aliporudi kwao alijiunga na chama cha uchunguzi wa majengo ya kale ya Kichina. Pamoja na mkewe Lin Huiyin, aliyekuwa mshairi na msanifu vilevile, na wenzake wachache, alizunguka katika nchi yenye vita na barabara mbovu, akipanda mapaa ya mahekalu na kupima kila boriti. Wimbo wa watu wa kawaida uliotaja maajabu manne ya kaskazini ya Uchina, na daraja hili mojawapo, ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyomwelekeza huko. Alilipima, akalipiga picha, akalichora, na mwaka 1934 akatangaza uchunguzi wake. Kwa kazi hiyo daraja lililokuwa hadithi ya vijiji likawa jambo la elimu, na Li Chun akarudishiwa jina lake.

Baada ya vita kwisha na serikali mpya kusimama, matengenezo makubwa yalifanywa, yakamalizika mwaka 1958. Mto ulichimbwa chini ya daraja, na katika matope yakapatikana mawe yaliyoanguka katika karne zilizopita, pamoja na vibamba vya majoka vya enzi ya Sui vilivyodhaniwa vimepotea milele. Vingine katika hivyo viko leo katika Jumba la Makumbusho la Taifa huko Beijing. Mbavu zilizoanguka zilijengwa tena, mawe yaliyolika yalibadilishwa, saruji ilitumika ndani mahali ambapo jicho halifiki, na kuta mpya za kando zikachongwa kwa kufuata zile za kale. Daraja lilisimama imara, safi, limenyoka. Mwaka 1961 lilitiwa katika orodha ya kwanza ya mahali pa urithi panapolindwa na taifa zima. Mwaka 1966 tetemeko kubwa la ardhi lilipiga wilaya za Xingtai, si mbali na hapo, likaangamiza watu na nyumba kwa maelfu, na daraja halikuanguka. Mwaka 1991 chama cha wahandisi wa ujenzi cha Marekani kililitambua kuwa kumbukumbu ya kihistoria ya dunia katika kazi yao.

Mtu angetazamia kwamba Liang Sicheng angefurahi kuliko wote. Hakufurahi kabisa. Katika maandishi yake ya miaka ya mwanzo ya 1960 alisikitika kwamba daraja lililotengenezwa lilikuwa kama mzee aliyerudishwa ujana: mistari yake imenyoka mno, uso wake ni mpya mno, na miaka elfu na mia tatu iliyokuwa juu yake imefutwa. Alitumia mfano wa kinywa chake mwenyewe. Alikuwa amepoteza meno, na daktari aliyemtengenezea meno ya bandia hakumpa meno meupe yaliyopangika kama ya kijana. Alichagua yenye umanjano kidogo, yaliyoachana kidogo, yanayolingana na umri wake. Hivyo, alisema Liang, ndivyo kitu cha kale kitengenezwavyo: kipone, na kiendelee kuwa cha kale.

Maneno haya ni mepesi kuyakubali na mazito kuyatenda. Yafaa kuwafikiria wale waliolitengeneza daraja kabla ya kuwahukumu. Mbele yao palikuwa na mbavu zilizoanguka na nyingine zinazoelekea kuanguka, na mithali yajulikana: usipoziba ufa utajenga ukuta. Daraja si sanamu iwezayo kuwekwa chini ya paa na kuachwa na nyufa zake. Uzuri wa tao ni kazi ya tao. Jiwe moja likilegea, yote hulegea. Mtu aliyeambiwa kuliokoa, naye anajua kwamba likianguka litalaumiwa jina lake, hawezi kulaumiwa kwa kutumia jiwe jipya na saruji. Bila ya wao, Liang asingekuwa na daraja la kulisikitikia. Na hapo haki yao ni kubwa.

Lakini haki ya Liang haipungui kwa kutajwa haki yao. Alijua kwamba daraja la kale lina kazi mbili. Ya kwanza ni kuvusha miili toka ukingo mmoja hata ukingo wa pili. Ya pili ni kuvusha fikira toka zama zetu hata zama zilizopita. Kazi ya kwanza huweza kufanywa na daraja jipya, tena kwa wepesi zaidi. Kazi ya pili haiwezi kufanywa na kitu kipya chochote, hata kikiwa na umbo lile lile, kwa kuwa ushahidi wake ni zile alama zenyewe: jiwe lililolika kwa magurudumu, kiraka cha enzi moja juu ya kiraka cha enzi nyingine, chuma kilichopata kutu mahali fundi alipokipiga nyundo. Jungu kuu halikosi ukoko. Atakayelisugua hata ling'are ataweza kulionyesha kwa wageni kwa fahari, lakini ameuondoa ushahidi wa kila mlo uliopikwa ndani yake. Kutengeneza ni kumjibu mtu aliyetangulia. Kufuta ni kusema badala yake.

Umri wa daraja, kwa fikira hii, si hesabu ya miaka iliyopita tangu siku ya kwanza. Ni jumla ya mikono iliyolishughulikia. Li Chun alilianza, lakini halikusimama karne kumi na nne kwa mkono wake peke yake. Liko kwa ajili ya waashi wa Tang na Song na Ming na Qing, ambao wengi wao hawakupata hata ule mstari mmoja alioupata yeye. Kila mmoja aliondoa jiwe bovu na kutia zima. Fundi wa mwaka 1958 ni ndugu yao wa mwisho katika safu hiyo. Kosa lake, ikiwa lilikuwa kosa, halikuwa kuongeza kazi yake juu ya kazi za wenzake, bali kuongeza kwa namna iliyowafunika baadhi yao, hata mtazamaji akadhani kwamba baina ya Li Chun na yeye hapakupita mtu.

Tena haifai kudhani kwamba mawe hudumu kwa ugumu wao. Mhandisi Mao Yisheng, aliyeandika mwaka 1962 makala juu ya madaraja ya matao ya mawe ya Uchina ambayo imesomwa madarasani na vijana wengi wa nchi ile, aliijua hali hiyo kwa uchungu. Yeye ndiye aliyejenga daraja kubwa la chuma la mto Qiantang karibu na Hangzhou, likafunguliwa Septemba 1937. Desemba ya mwaka ule ule, majeshi ya Japani yalipokaribia, ilimpasa asaidie kulilipua kwa baruti ili adui asivuke. Kazi ya miaka ilikufa mbele ya macho ya baba yake kabla haijatimiza miezi mitatu. Lilitengenezwa tena baada ya vita, na hata leo lasimama. Mtu aliyepatwa na jambo hilo alipolisifu daraja la Zhaozhou hakuwa akisifu jiwe dhidi ya chuma. Alikuwa akistaajabia kwamba katika vita vyote, njaa zote, na mafuriko yote ya miaka elfu na mia nne, hapakutokea siku moja ambayo ililazimu au ilitosha kuliangusha. Kudumu kwa kitu ni ustadi wa mjenzi, na utunzaji wa warithi, na fungu la bahati ambalo hapana ajuaye kulitengeneza.

Bahati hiyo haikuyafikia yote aliyoyapenda Liang. Katika miaka ya 1950 aliomba kuta za kale za mji wa Beijing zisibomolewe, akashindwa, na kuta zikaondoka. Alikufa mwaka 1972. Nyumba ya Beijing ambamo yeye na Lin Huiyin walikaa katika miaka ya 1930, walipokuwa wakitoka na kurudi na michoro ya majengo ya nchi nzima, ilibomolewa kabla ya 2012 kufikia katikati yake, na watu wengi wakapaza sauti, lakini tofali halirudi mahali pake kwa sauti. Daraja la kijijini alilolipima limesalia, na paa lililowafunika wapimaji limeanguka. Mji mkuu wenye wasomi wote ulishindwa kuhifadhi alichohifadhi mji mdogo wenye wakulima. Huenda sababu ni nyepesi: wakulima walikuwa wakilitumia. Kitu kinachotumika kina walinzi wengi kuliko kitu kinachosifiwa.

Na hapa pana fumbo ambalo halijapata jibu lake. Magari hayapiti tena juu ya Daraja la Zhaozhou. Yana daraja lao jipya. Mzee amepumzishwa. Wageni huja kumtazama, hutembea juu ya mgongo wake kwa miguu, hutafuta alama za punda wa Zhang Guolao, hupiga picha, huondoka. Ni haki kumpumzisha, kwani uzito wa malori ungemuua. Lakini daraja lililovukwa na wakulima kwa haja zao lilikuwa na mlinzi katika kila mvukaji. Daraja linalotazamwa tu lina walinzi wachache wenye mishahara, na uhai wake umo katika nia ya watu ambao hawalihitaji kufika sokoni. Ni lazima wafundishwe kulihitaji kwa namna nyingine. Watoto wa Uchina husoma habari zake katika vitabu vya shule, na hilo labda ni ulinzi ulio bora kuliko uzio wa chuma, maadam wanafundishwa kwamba lilijengwa na mtu, na kwamba mtu huyo alikuwa na jina.

Ustadi mkubwa wa Li Chun ulikuwa katika mahali alipoacha pasipo kujaza. Mwashi mwingine angetia mawe katika mabega yale kwa kuogopa. Yeye aliona kuwa mzigo ule haulisaidii daraja, akauacha nje, na maji yakapata njia. Mtengenezaji wa vitu vya kale naye ana jambo la kujifunza hapo. Ajue jiwe la kubadilisha na jiwe la kuacha, ufa wa kuziba na kovu la kuhifadhi, mahali pa kutia mkono na mahali pa kuuzuia. Akiujua mpaka huo, daraja litavusha vizazi vijavyo kwa namna zote mbili, nao watakaokuja watakuta juu ya mawe yake kazi ya kila mkono uliolishika, na nafasi ya kutia mkono wao.